Muda wa ziada kwa mtahiniwa mtu mzima: kazi inaanza kabla ya usajili

Swali hili huja kila Oktoba, mitihani ya S4 (kidato cha nne) hapa Uganda ikiwa imeshaanza. Mtu mzima amerudi shule, anasoma kwa kujikokota, anaandika kwa taabu, na sasa anataka aongezewe muda kwenye chumba cha mtihani. Aende wapi?

Kwa mwaka huu, ameshachelewa. Kituo cha mtihani hutakiwa kumtangaza mtahiniwa mwenye mahitaji maalum wakati kinapomsajili, na usajili wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kwa kawaida hufunguliwa miezi ya mwanzo ya mwaka na kufungwa kuelekea katikati yake; anayechelewa hulipa faini juu ya ada. Tia alama kwenye kalenda penye usajili, kisha hesabu kurudi nyuma. Ripoti ya mwanasaikolojia inayothibitisha shida yako iwe mkononi kufikia Februari. Kuiandika humchukua mwanasaikolojia wiki mbili hadi nne baada ya vipimo. Kupata miadi kunaweza kula mwezi, na kutafuta karatasi za shule ya zamani huko kijijini kunakula mwingine. Ukijumlisha na kuacha nafasi ya kuteleza, unatakiwa uanze Septemba au Oktoba ya mwaka uliotangulia. Basi anayeuliza Oktoba amewahi, ila kwa mtihani wa mwaka ujao, na mradi msaada wa darasani nitakaoueleza hapa chini umeshaanza miezi kadhaa nyuma.

Ninaowazungumzia hapa ni watu wazima wenye ulemavu wa kujifunza: disleksia, inayogusa kusoma na tahajia, diskalkulia, inayogusa hesabu, disgrafia, inayogusa kuandika, na wale ambao umakini wao hutawanyika hata wakijitahidi vipi. Wasioona na viziwi wana njia iliyonyooka zaidi, kwa sababu hali yao inaonekana na vituo vimeizoea. Disleksia haionekani. Fundi seremala wa miaka 34 ana karakana yake Katwe, anapiga hesabu ya mbao kichwani bila kukosea, halafu mpe ukurasa mmoja asome, jasho linamtoka. Asiyejua atasema huyu ni mvivu.

Macho, masikio, na miaka iliyokatika

Kabla hujamlipa mwanasaikolojia hata shilingi, pima macho na masikio. Aliyevuka miaka 40 huenda anahitaji miwani ya kusomea tu, kwa maana herufi za karibu huanza kufifia kwa karibu kila mtu wa umri huo. Ripoti isiyosema kwamba macho na masikio yamepimwa ina tundu, na mkaguzi makini ataliona mara moja: ulemavu wa kujifunza, kwa maana yake yenyewe, ni ule usioelezeka kwa kutoona au kutosikia vizuri. Omba matokeo kwa maandishi, yenye tarehe na muhuri. Na ukiwa hapo kwa muuza miwani, usikubali kuuziwa miwani ya rangi ati ni dawa ya disleksia. Vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja mwaka 2009 kwamba hakuna ushahidi wa kuiunga mkono. Pesa hiyo itakusaidia kwenye vipimo.

Jambo gumu zaidi kwetu Uganda ni kutenganisha ulemavu na shule iliyokatika. Aliyekulia Gulu au Kitgum miaka ya vita vya waasi wa LRA, akalala kambini na kusoma kwa vipande, anaweza kuwa anasoma polepole kwa sababu hakufundishwa. Aliyeanza P1 (darasa la kwanza) mwaka 1997, UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ilipoingia na madarasa kufurika, anaweza kuwa hivyohivyo. Swali la mwanasaikolojia litakuwa moja: akifundishwa vizuri, kwa muda wa kutosha, bado anakwama? DSM-5, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 wa kutambua matatizo ya akili, ambao wanasaikolojia wengi huutumia, unataka matatizo yawe yamedumu angalau miezi 6 licha ya msaada uliolenga tatizo lenyewe.

Miezi hiyo 6 si ya kukaa bure. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima, awe wa darasa la ICOLEW (mpango wa kisomo uliochukua nafasi ya ule wa zamani, FAL, chini ya Wizara ya Jinsia) au wa shule ya jioni, anaweza kukutengenezea ushahidi ambao hakuna daktari atakayekupa. Daftari moja linatosha. Kila wiki, mwanafunzi asome kwa sauti kifungu kipya cha maneno 100 cha ugumu uleule. Mwalimu aandike tarehe, sekunde zilizotumika, idadi ya makosa, na aina ya makosa: ameruka neno, amebuni neno kwa kutazama herufi ya kwanza, amegeuza herufi, amerudi nyuma mara ngapi. Baada ya miezi 6 unakuwa na mistari 25 hivi. Wenzake waliokosa shule kama yeye wanapanda wiki baada ya wiki, naye yuko palepale kwenye sekunde 110: hapo sasa una jambo la kumpelekea mtaalamu. Kama naye anapanda, hata kwa mwendo wa konokono, huenda anahitaji mwalimu zaidi kuliko anavyohitaji tathmini.

Halafu kuna lugha. Mtihani ni wa Kiingereza, nyumbani ni Luganda, Runyankole, Acholi, Lugbara au Kinubi, na sokoni ni Kiswahili. Mtu anayesoma gazeti la Luganda kwa kasi lakini akakwama kwenye Kiingereza ana shida ya Kiingereza. Disleksia hufuata msomaji katika kila lugha anayoisoma, ila haivai sura ileile. Kwenye Kiingereza, ambako neno linaandikwa vile na kutamkwa vingine, utaona makosa mengi. Kwenye lugha zetu, zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, makosa yanaweza kuwa machache na shida ikajificha kwenye mwendo. Mpe neno kama “hawakuwasikiliza”: atalimega ha-wa-ku-wa-si-ki-li-za, kila silabi sahihi, akifika mwisho mwanzo umeshamtoka. Kwenye Luganda mtege kwa herufi mbilimbili: *okuta* ni kuachilia na *okutta* ni kuua, tofauti ni t moja tu. Mtathmini asiyesoma lugha ya mwanafunzi ataipitia shida hiyo bila kuiona. Mwambie mapema unataka kusoma kupimwe kwa lugha mbili, na kama yeye haijui ya kwako, aje na msaidizi anayeijua.

Mweleze pia kuhusu malaria ya kichwani, homa ya uti wa mgongo au degedege za utotoni. Tafiti zilizofanyika Kampala zimeonyesha kwamba watoto walionusurika malaria ya ubongo wanaweza kubaki na matatizo ya kumbukumbu na umakini kwa miaka. Jina la hali linaweza kubadilika kwa sababu ya historia hiyo. Haja ya muda wa ziada iko palepale.

Karatasi za zamani ni mali

DSM-5 ina kifungu ambacho watu wazima wengi hawakijui na hata baadhi ya wataalamu hukisahau: kwa mwenye miaka 17 au zaidi, historia iliyoandikwa ya matatizo ya kujifunza yaliyomwathiri inaweza kushika nafasi ya vipimo sanifu. Katika nchi ambayo vipimo vyenyewe ni haba na ghali, kifungu hicho kinakupa pa kushika. Ila wamesema *iliyoandikwa*.

Kwa hiyo panda basi uende kijijini ukatafute: ripoti za mihula zenye maoni ya mwalimu, matokeo ya PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi), barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri inayotaja madarasa uliyorudia na miaka yake. Daftari la zamani lenye insha kwa mwandiko wako lina uzito kuliko barua tatu za kukusifu. Mwalimu aliyekufundisha akiwa bado yupo, muombe ukurasa mmoja aandike alichokiona: ulikuwa hodari kujibu kwa mdomo, ukiandika unabadilika mtu mwingine. Shule ikiwa ilichomwa au kumbukumbu zimeliwa na mchwa, mzazi au shangazi aliyekulea aandike au aandikiwe maelezo, atie sahihi au dole gumba. Watu huleta pia barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Hiyo inathibitisha unakoishi. Haisemi lolote kuhusu kusoma kwako.

Kagua majina. Ripoti ya P5 inasema jina moja, kitambulisho cha taifa kinasema majina matatu kwa mpangilio mwingine, na fomu ya usajili ina herufi imezidi. Kwenye maombi ya mipangilio maalum huu ndio uchafu unaokwamisha faili kuliko hata matokeo ya vipimo. Pata hati ya kiapo mapema inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja, na hakikisha mwanasaikolojia anaandika jina lako kama litakavyosomeka kwenye usajili wa mtihani, herufi kwa herufi.

Nani apime, na umuulize nini kabla ya kulipa

Anayestahili kuandika utambuzi wa ulemavu wa kujifunza ni mwanasaikolojia wa kliniki au wa elimu. Mwalimu wa elimu maalum anaweza kuchuja na kueleza unavyofanya darasani, na maelezo yake ni nyongeza nzuri sana, lakini mitihani ya kimataifa haitamkubali peke yake. Daktari wa zahanati anayeandika mistari miwili, “huyu ana disleksia, asaidiwe”, amekufanyia hisani isiyofika mbali, maana hakuna kipimo nyuma ya mistari hiyo.

Pa kuanzia kuuliza ni Chuo Kikuu cha Kyambogo, ambako kitivo cha mahitaji maalum kilirithi kazi ya UNISE, taasisi ya taifa ya elimu maalum, vyuo vilipounganishwa mwaka 2003, na ambako walimu wengi wa elimu maalum nchini wamefundishwa. Makerere husomesha wanasaikolojia wa kliniki. Hospitali za Butabika na Mulago zina huduma za saikolojia, ingawa foleni yao imejaa wagonjwa wenye shida kubwa kuliko mtihani. Kliniki binafsi nyingi ziko Kampala. Ukiwa wilayani, nenda kwanza ofisi ya elimu ya wilaya umuulizie afisa anayeshughulikia mahitaji maalum; hata kama hapimi, anajua nani alimpima mtahiniwa wa mwisho na ripoti ipi ilikubaliwa.

Maswali ya simu kabla ya kupeleka pesa: Unatumia kipimo gani kwa mtu wa umri wangu? Ukisikia WISC, kipimo cha akili, shukuru ukate simu, kwa sababu ni ya watoto na huishia miaka 16. Ya watu wazima ni WAIS, inayoanzia miaka 16. KABC-II imetumika sana hapa kwenye utafiti wa watoto, na mwisho wake ni miaka 18. Utapima kusoma, tahajia na hesabu, au akili tu? Watu wanalipishwa kipimo cha akili peke yake kisha bodi inauliza: na kusoma kwake je? Ada inahusu saa ngapi? Vipimo kamili huchukua saa 3 hadi 6, mara nyingi siku mbili. Ripoti ya maandishi imo ndani ya ada au inalipiwa kivyake? Je, utataja kwa jina mipangilio ninayohitaji kwenye mtihani? Ukisita kuuliza kwa kuona aibu, utalipa mara mbili.

Siku ya kupimwa, lala vya kutosha, kula, chukua miwani, fika mapema ili moyo utulie baada ya boda na vumbi. Usifanye mazoezi ya vipimo. Utaambiwa kurudia tarakimu mbele na nyuma, kupanga vibao, kunakili alama kwa haraka, kusoma maneno yasiyo na maana. Vipimo vingi huacha kila sehemu unapokosea mfululizo, na hivyo ndivyo vilivyotengenezwa. Kukosea si kufeli. Kinachoharibu tathmini ni kujikaza kuficha shida, kazi ambayo watu wazima wenye disleksia wameifanya maisha yao yote na wanaijua vizuri mno: kusingizia miwani, kukariri, kumuomba jirani asome “kwa sababu mwanga hafifu”. Siku hii usifiche.

Vipimo hivi vilisanifiwa Marekani na Uingereza. Kumlinganisha fundi wa Katwe na mtu wa Ohio kwa msamiati wa Kiingereza ni kumwonea, na mwanasaikolojia mzuri ataandika hivyo waziwazi kwenye ripoti. Ataegemea zaidi pengo lililo ndani ya mtu mwenyewe, kati ya anachoweza kwa mdomo na anachoweza kwa maandishi, kuliko namba moja tupu.

Ripoti inayofanya kazi

Mnyororo wa ripoti uko hivi: historia, kipimo, kinachomtokea ndani ya chumba cha mtihani, na kinachoombwa. Pete moja ikikosekana, ombi linakatika.

Chukua mfano wa kubuni. Wastani wa vipimo hivi ni 100 na mtawanyiko 15, yaani watu wengi huangukia kati ya 85 na 115. Mtu amepata 102 kwenye kueleza kwa mdomo, 88 kusoma maneno bila kukimbizwa, 74 kwenye kasi ya kusoma, 76 kwenye kasi ya akili kuchakata taarifa. Namba ya 74 maana yake kati ya watu 100 wa umri wake, takriban 96 wangemzidi. DSM-5 huona 78 kushuka chini kuwa mpaka wa uhakika mkubwa. Ripoti mbaya inaishia hapo: “Ana disleksia. Apewe muda wa ziada na msaada wowote unaohitajika.” Maneno “msaada wowote” ndiyo yanayofanya ombi likataliwe au lipunguzwe, kwa sababu hakuna afisa atakayekubuni msaada kwa niaba yako.

Ripoti nzuri inaendelea: “Anasoma sahihi lakini kwa mwendo ulio chini sana ya uwezo wake wa kufikiri. Kwenye karatasi ya mazoezi ya dakika 150, alimaliza maswali 11 kati ya 20. Kwenye karatasi nyingine ya ugumu uleule, alipoongezewa dakika 45, alimaliza 18, na usahihi wake haukubadilika. Anahitaji muda wa ziada na chumba tofauti. Hahitaji mwandishi, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka.” Hilo la kumalizia, la kutaja asichohitaji, hujenga imani kwa msomaji wa faili. Jaribio hilo la kulinganisha muda wa kawaida na ulioongezwa linafanywa na mwalimu wako, bure, kwa karatasi ya mtihani uliopita. Tumia karatasi mbili za ugumu mmoja, moja kwa muda wa kawaida na nyingine kwa muda ulioongezwa, ili asije akawa anakumbuka majibu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inaeleza ulemavu kama kikwazo kikubwa katika shughuli za kila siku za mtu. Ndiyo sababu ripoti isitaje kusoma kwa ujumla tu. Itaje fomu anazoshindwa kujaza, ujumbe wa mteja anaosomewa na mtoto, stakabadhi alizosaini bila kusoma.

Kila bodi na mlango wake

UNEB humpa mtahiniwa mwenye mahitaji maalum dakika 45 za ziada kwa kila karatasi, na wenye disleksia wamo kwenye orodha yake. Dakika 45 ni zilezile hata karatasi iwe na urefu gani, kwa hiyo faida hutofautiana: kwenye karatasi ya saa 3 ni robo ya muda, kwenye ya saa 1 na nusu ni nusu nzima. Jipange kufuatana na hilo. Pasipo muda wa ziada kutosha, kuna msaidizi wa kusoma au wa kuandika, lakini lazima ombi lipite kwa mkuu wa kituo. UNEB haimsajili mtu mmojammoja mlangoni, na mtu mzima anayesajiliwa kama mtahiniwa binafsi naye yuko chini ya kituo fulani. Hapo ndipo watahiniwa binafsi wengi wanapopotea: wanalipa ada, wanapewa namba, hawaonani tena na kituo mpaka siku ya mtihani. Kabla ya kuchagua kituo, muulize mwalimu mkuu kama amewahi kuwa na mtahiniwa wa mahitaji maalum na kama ana chumba cha ziada. Baada ya usajili, omba kuona kwa macho yako kwamba sehemu ya mahitaji maalum imejazwa kwenye taarifa zako, na uchukue nakala ya barua ya idhini ikija.

Barua hiyo ina kazi moja kubwa. Siku ya mtihani, skauti wa UNEB (mkaguzi wa mitihani) akifungua mlango akamkuta mtu wa pili ameketi na mtahiniwa, anasoma maswali kwa sauti, atadhani ni wizi wa mtihani. Barua ikiwa mezani, mambo yanaishia hapo. Isipokuwepo, matokeo yanaweza kuzuiliwa.

Anayeingia chuo kikuu kwa mlango wa watu wazima atakutana na karatasi ya uwezo wa jumla pamoja na ya fani. Ile ya uwezo wa jumla humuumiza mwenye disleksia kuliko ile ya fani, kwa kuwa inapima pia kasi ya kusoma. Andika kwa msajili wakati wa kununua fomu, si baada ya kupewa namba ya kiti. Ukishaingia, mlango ni ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Peleka ripoti wiki ya kwanza ya muhula, maana mitihani ya ndani huandaliwa na idara na kila mhadhiri anahitaji kujulishwa.

Na kama lengo ni cheti cha ufundi, huenda huhitaji vita hii yote. Mfumo wa Worker's PAS, ulioanzishwa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, hutathmini ujuzi kwa vitendo, moduli kwa moduli. Seremala anapimwa kwa mlango alioutengeneza. Watu wengi wanang'ang'ania S4 kwa sababu ya heshima tu wakati kazi wanayoitaka inahitaji cheti cha aina hii. Hilo ni la mtu mwenyewe kuamua, lakini ajue lipo.

Mitihani ya Kiingereza ya kimataifa ina kanuni zake. Kwa IELTS, peleka ombi kituoni angalau wiki 6 kabla; ukihitaji karatasi iliyotengenezwa upya, kama ya Breli, miezi 3. Muda wa ziada mara nyingi ni robo, yaani dakika 60 za kusoma zinakuwa 75. Waandaaji wa TOEFL hutaka ripoti ya ulemavu wa kujifunza isiyozidi miaka 5, kwa hiyo ripoti ya S4 ya zamani haitakuvusha.

Mazoezi na siku yenyewe

Muda wa ziada bila mazoezi ni muda wa kuchoka. Mtu aliyezoea kuacha kazi njiani hajui afanye nini na dakika 45. Mfundishe kugawa: dakika 10 za mwanzo kusoma karatasi nzima na kutia alama maswali anayoyaweza, dakika 10 za mwisho kurudia tahajia ya maneno ya msingi, zilizobaki zigawanywe kwa alama za kila swali.

Msaidizi anahitaji mazoezi hata zaidi. Msomaji anasoma kilichoandikwa, tena na tena akiombwa, lakini hafafanui wala habadili toni kuonyesha jibu. Mwandishi anaandika kinachosemwa, na makosa ya sarufi ya mtahiniwa hayasahihishi. Jaribuni hesabu za kupanga wima: usiseme “ishirini na saba mara kumi na nne”, sema “andika 27, chini yake, 4 ikae chini ya 7, 1 ikae chini ya 2, chora mstari”. Asiyewahi kutamka hesabu kwa mdomo hugundua ugumu wake mbele ya saa inayokimbia. Fanyeni angalau karatasi 4 nzima pamoja kabla ya mtihani, na msaidizi asiwe ndugu wala mwalimu wa somo hilo.

Kwa masomo ya kawaida, simu inayosoma maandishi kwa sauti inabeba mzigo mkubwa. Uganda ilijiunga mwaka 2018 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu kutengeneza nakala za vitabu kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida, na mkataba huo unawahusu pia wenye ulemavu wa kusoma, si wasioona peke yao. Ni hoja nzuri unapoomba chuo kikutengenezee nakala ya sauti ya kitabu.

Siku ya mtihani, fika saa nzima kabla. Onyesha barua kwa msimamizi kabla bahasha haijafunguliwa, kagua chumba, hesabu viti: chako, cha msaidizi, cha msimamizi. Chumba kisiwe kando ya jiko wala uwanja wa mpira. Kosa linalojirudia ni hili: wenzako wakimaliza, msimamizi mgeni anakusanya na karatasi yako. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, muombe aandike ubaoni saa ya kuanza na saa *yako* ya kumaliza. Karatasi ikianza saa 3:00 asubuhi na ni ya saa 2 na nusu, ubao useme saa 6:15 mchana. Muda wako ukikatwa, usigombane. Muombe mkuu wa kituo aandike tukio siku hiyohiyo, likiwa na saa, sahihi yake na yako, ubaki na nakala. Malalamiko yanayoandikwa baada ya matokeo kutoka hayana pa kushikia.